Kwenda Lamu Likizo Ukiwa na Kibofu Chenye Haya

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mkojo wake hugoma kutoka mara tu anapohisi kwamba kuna mtu karibu. Haumwi, njia haijaziba, na nyumbani akiwa peke yake hukojoa kama watu wote. Lakini mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, au kivuli cha miguu kikionekana chini ya mlango, kila kitu hujifunga, hata kama dakika moja iliyopita alikuwa amebanwa kiasi cha kushindwa kusimama wima. Wataalamu huiita hali hii paruresisi, jina lililoanza kutumika mwaka 1954, na huihesabu miongoni mwa hofu za kuwa mbele za watu. Mimi huiita haya ya kibofu. Wanaume huipata na wanawake huipata, na mwenye nayo hudhani kwamba dunia nzima ni yeye peke yake.

Nimeishi nayo tangu shule ya bweni, na kwa miaka mingi dawa yangu ya safari ilikuwa kukaa na kiu. Jioni ya kuamkia safari nilikuwa siongezi hata glasi moja ya maji, asubuhi naruka chai, na njiani nanunua chupa ya maji ili ionekane tu mkononi. Mara ya kwanza kwenda Lamu kwa mtindo huo nilifika gati la Mokowe, upande wa bara panapopandwa boti za kwenda kisiwani Lamu, midomo imepasuka, kichwa kinagonga, na mkojo niliofanikiwa kuutoa usiku ule ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Siku ya tatu nilianza kusikia moto kila nikikojoa, na likizo yangu iliyobaki nikaimalizia kwa dawa za maambukizi. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba kiu ile haikunisaidia chochote, kwa maana choo cha kwanza nilichokutana nacho njiani kilinishinda vilevile.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata sasa, na ambayo mengine yote katika mwongozo huu yanaizunguka, ni kwamba maji hayapunguzwi. Kinachoongezwa ni nafasi za kukojoa. Joto la pwani halina mzaha na mtu anayejinyima maji, na mkojo uliokaa muda mrefu kibofuni hualika maambukizi, na mkojo mzito hualika mawe ya figo.

Kabla ya kupanga safari

Anza kwa daktari, walau mara moja. Kipimo rahisi cha kujipima mwenyewe ni hiki: ikiwa hata nyumbani, peke yako, mlango umefungwa na hakuna anayekungoja, mkojo bado hutoka kwa shida, au hutoka kamba nyembamba, au unamaliza na kuhisi umebaki, basi hilo si suala la haya. Linaweza kuwa tezi dume kwa wanaume waliopita umri wa miaka 50, au kisukari kilichogusa mishipa ya fahamu, au njia ya mkojo iliyosinyaa, na kila moja ina matibabu yake. Haya ya kibofu hujulikana kwa kuchagua mahali: nyumbani sawa, kwa watu hapana.

Inafaa pia uelewe kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa utaacha kujilaumu na utaacha kukamua. Mtu akishikwa na hofu mwili humwaga adrenalini, na adrenalini hukaza msuli uliopo kwenye shingo ya kibofu. Msuli huo hauko chini ya amri yako. Ule wa nje unaweza kuulegeza kwa kutaka, lakini wa ndani hautii, na kadiri unavyosukuma kwa nguvu ndivyo unavyozidi kuuambia mwili kwamba kuna hatari. Ndiyo maana jamaa wanaosema "tulia tu" hawasaidii, ingawa nia yao ni njema.

Hesabu nayo husaidia. Figo za mtu mzima hutengeneza takriban lita moja hadi mbili za mkojo kwa siku. Kibofu hubeba kama mililita 400 hadi 600, na hamu ya kwanza huanza kikiwa na mililita 150 hadi 250 hivi. Maana yake ni kwamba mtu anayekunywa kidogo kidogo, kikombe kwa kila saa, ana saa tatu au nne za utulivu kabla ya jambo kuwa zito, ilhali yule anayejinyima kutwa kisha akafakamia lita nzima kwa mkupuo anaweza kujikuta amejaa pomoni ndani ya saa moja au mbili. Hamu ya kwanza ukiisikia si mwisho wa dunia. Watu wenye tatizo letu huisikia na kuanza papo hapo kuhesabu maafa, na hesabu hiyo ndiyo inayofunga mlango.

Mazoezi yaanze wiki kadhaa kabla ya kuondoka, si siku ya safari. Njia inayopendekezwa zaidi na wanaoshughulikia tatizo hili ni kupanda ngazi polepole. Unakunywa maji ya kutosha hadi ubanwe hasa, kisha unamwomba mtu mmoja unayemwamini, ndugu au rafiki, akae mbali, tuseme uani wakati wewe uko chooni. Unakojoa sekunde chache tu, unakata, unatoka, mnapumzika dakika chache, na safari ya pili anasogea hatua mbili. Ikikataa, anarudi alikokuwa. Inaonekana kama mchezo wa watoto, na mara ya kwanza mtacheka, lakini mwili hujifunza kwa kurudia na hauna habari na hoja zako. Binamu yangu ndiye aliyenifanyia kazi hiyo. Tulianza yeye akiwa barazani na mimi chooni nyuma ya nyumba. Baada ya miezi miwili aliweza kusimama ukumbini, nyuma ya mlango, akinisimulia habari za mpira huku mimi nikiendelea na shughuli yangu.

Ipo na mbinu ya pumzi, ambayo wengine huiona bora kuliko zote. Ukiwa umesimama au umechuchumaa mahali pako, unapumua kawaida, kisha unatoa kama robo tatu ya hewa iliyopo kifuani na kuishikilia hapo bila kuvuta nyingine. Baada ya sekunde 45 hivi sakafu ya nyonga, yaani misuli inayoshikilia kibofu kwa chini, hujisikia kama inashuka yenyewe, na mkojo huanza kutoka. Ijaribu nyumbani mara nyingi kabla ya kuitegemea, kwa sababu hisia ya kukosa hewa huwatisha watu mwanzoni; na mwenye maradhi ya moyo, au anayepatwa na mishtuko ya hofu, aulize daktari kwanza.

Njiani

Kwa anayekwenda Lamu kutoka Nairobi kwa ndege, habari ni fupi. Ndege hutua kisiwa jirani cha Manda, kisha boti humvusha abiria hadi mjini. Ndege ndogo nyingi hazina choo, hivyo pa kujisaidia ni uwanja wa kuondokea, na ushauri wangu ni kufika mapema kuliko unavyotakiwa ili upate kwenda chooni mara mbili: mara moja ukifika, na mara ya pili watu wakishaanza kusimama foleni ya kuingia ndegeni na vyoo vikawa vitupu. Kwa anayeanza na treni ya Madaraka kwenda Mombasa, choo cha behewani ni kizuri kwa watu wa aina yetu, kwa sababu mngurumo wa treni hufunika kila sauti na hakuna anayejua umekaa muda gani, mradi uende treni ikiwa katikati ya vituo na si wakati abiria wanashuka.

Basi ndilo lenye kazi. Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Malindi, Garsen, Witu na Hindi, na safari huchukua saa saba, nane, au zaidi kutegemea vizuizi vya usalama, ambako abiria huweza kushushwa kuonyesha vitambulisho. Basi likisimama porini kondakta hutangaza kwamba wanaotaka kuchimba dawa washuke, na hapo wanaume hujipanga ukingoni mwa barabara bega kwa bega kama walioitwa gwaride. Sijawahi kuchimba dawa hata mara moja katika mpango huo na sitarajii. Nilikuwa nikijilazimisha kushuka, nikasimama pale kwa aibu nikiangalia vichaka, nikarudi nilivyokwenda. Siku hizi nashuka, natembea hatua 50 hadi 60 kuelekea nyuma ya basi, si mbele ambako dereva anaona, na nikipata kichaka changu sawa, nisipopata narudi bila kujilaumu kwa sababu nimeshajiwekea nafasi nyingine.

Nafasi hiyo nyingine ni Malindi. Maoni yangu, baada ya kufanya safari hii kwa kila namna, ni kwamba mwenye haya ya kibofu asiimalize njia yote kwa siku moja. Lala Malindi usiku mmoja. Utakuwa umekata safari karibu theluthi yake, utalala kwenye chumba chenye choo chako, utaamka na kukojoa kwa nafasi, na asubuhi sehemu iliyobaki itakuwa ya saa unazoweza kuzibeba. Jioni ya kufika unaweza kutembelea magofu ya Gedi, yaliyo kama kilomita 16 kusini mwa mji. Humo utaona, kati ya majumba ya mawe yaliyoachwa karne nyingi zilizopita, mashimo ya vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba, kila mwenye nyumba na chake. Nilipoviona mara ya kwanza nilisimama pale muda mrefu kuliko wageni wenzangu, na sikuwaeleza kwa nini.

Ukiwa huwezi kulala Malindi, basi walau usipoteze kituo cha pale. Vyoo vya kulipia vya stendi hugharimu shilingi 10 au 20, lakini mara nyingi vina foleni na mlinzi anayegonga mlango. Heri uvuke barabara uingie mkahawani, uagize chai, na uombe choo baada ya kuagiza, si kabla. Mteja aliyeketi hana haraka na hakuna anayemhesabia dakika. Mwambie kondakta mapema, kwa sauti ya kawaida: "Kaka, mimi nina shida ya mkojo, huwa nachelewa kidogo chooni, msiniache." Sijawahi kuulizwa swali la pili. Watu wanajua kisukari, wanajua tezi dume, na kila mmoja anajaza mwenyewe maelezo anayoyataka.

Chumba, mlango na ukuta

Lamu si mahali pa kufika na kutafuta chumba magharibi imeingia. Mji wa kale, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni mji wa vichochoro, na nyumba zake za mawe ya matumbawe zimejengwa kwa kuta nene ambazo kwetu sisi ni rehema, kwa maana ukuta wa namna hiyo haupitishi sauti. Tatizo si kuta za nje. Tatizo ni milango ya ndani, au kukosekana kwake.

Nyumba nyingi za kulala wageni zimefuata ujenzi wa zamani, ambapo choo na maliwato hutenganishwa na chumba kwa ukuta mfupi au kwa pazia, na kwa wageni wengi jambo hilo ni uzuri wenyewe. Kwako wewe uliyefuatana na mwenzako au na marafiki, pazia ni maangamizi. Vivyo hivyo vyumba vya juu vilivyo chini ya paa la makuti: vina upepo na vinaona bahari, lakini kuta zake mara nyingi hazifiki paani, na kikohozi cha chumba cha tatu unakisikia kama kiko kitandani kwako. Kwa hiyo unapopiga simu kuulizia chumba, kuuliza kama kina choo ndani hakutoshi. Uliza: je, choo kina mlango unaofungwa, ukuta wake unafika juu, na wanaokitumia ni chumba kimoja au viwili? Mwenye nyumba atadhani una watoto. Mwache adhani. Chumba cha chini, upande wa ua wa ndani, kwa kawaida ndicho kimya zaidi na ndicho cha bei nafuu zaidi, kwa vile hakioni bahari.

Mkiwa kundi la watu sita au wanane, kukodi nyumba nzima katika kijiji cha Shela au Lamu mjini huwa nafuu kuliko vyumba vya hoteli, na nyumba hizo aghalabu zina vyoo vitatu au vinne. Ukifika, kabla mizigo haijafunguliwa, chagua chumba chako kwa choo chake. Wenzako watachagua kwa dirisha.

Ndani ya choo chenyewe, kama ni cha kienyeji, utakuta birika la maji, yaani tangi lililojengwa, na kata ya kuchotea. Zamani walikuwa wakiweka visamaki birikani ili vipate kula viluwiluwi vya mbu, na baadhi ya nyumba wangali wanafanya hivyo, basi usishtuke. Maji ya kumimina polepole kwa kata hufunika sauti, na kuyasikia kwenyewe huwasaidia watu wengi kuanza. Mimi hutumia msaada huo siku za mwanzo tu, kwa sababu nilishawahi kuuzoea hadi nikawa siwezi kukojoa pasipo maji ya kumimina, na hapo nikawa nimebadilisha mzigo mmoja kwa mwingine. Msaada ambao sijauchoka ni wa punda. Punda wa Lamu hulia usiku bila utaratibu, kwa sauti inayoweza kufunika ngoma, na mara nyingi nimemshukuru mmoja wao saa nane za usiku.

Msimu nao uangalie. Mwezi wa Mfungo Sita, Maulidi yanaposomwa Msikiti wa Riyadha, mji hupokea wageni kutoka pwani nzima na hata nje ya nchi, nyumba hujaa, na choo kimoja hutumiwa na watu kumi. Ni siku nzuri kuliko zote kuwa Lamu, na kwa mtu wa haya ya kibofu ambaye hajafanya mazoezi ni siku ngumu kuliko zote. Nenda mara ya kwanza wakati mwingine. Maulidi yarudie ukiwa umeshaujua mji.

Kufikia kwa jamaa ni suala jingine, na kwa wengi wetu halikwepeki, kwani ukilala hotelini na shangazi yako yupo mtaa wa Langoni, utaulizwa umekosewa nini. Nyumba za ukoo zina watu, na choo kina zamu. Kinachonifaa ni kwenda nyakati ambazo wengine hawaendi: nusu saa kabla ya adhana ya alfajiri, na baada ya chakula cha mchana wakati nyumba imelala. Nikishindwa mchana katikati, natoka kwa kisingizio cha kutembea na kuingia mkahawa mmojawapo wa ufukoni. Na hatimaye nilimwambia shangazi. Nilimwambia kwa maneno machache, jikoni, akiwa anakuna nazi: "Shangazi, mimi mkojo hunigomea nikisikia watu nje, huwa nakaa sana chooni, usiwe na wasiwasi nami." Hakuacha kukuna. Alisema, "Basi kitumie cha juu, kile cha bibi yako, hakuna apandaye huko." Miaka minne nilikuwa nikiteseka chini na choo kitupu kiko juu ya kichwa changu.

Baharini

Watu huenda Lamu kwa ajili ya bahari, na mashua ya kawaida ya kutembeza wageni haina choo. Safari ya jua kuchwa ya saa mbili haina tabu. Kojoa kabla ya kushuka gatini na usinywe kahawa alasiri hiyo, kwa vile kahawa huchokoza kibofu. Safari ya kutwa ndiyo ya kupangwa, na kuipanga ni kuzungumza na nahodha siku moja kabla, mkiwa wawili tu, mbali na wenzako.

Mweleze kwamba utahitaji kushuka nchi kavu peke yako, dakika kumi au kumi na tano, kila baada ya saa tatu hivi. Hilo kwake ni jambo la njia na la maji. Mkondo wa Takwa, kwa mfano, ule unaoingia kati ya mikoko upande wa Manda kuelekea magofu, huingilika maji yakiwa makubwa; maji yakitoka mashua hukaa topeni na wewe pamoja nayo. Nahodha akijua haja yako mapema atapanga saa ya kuingia na ya kutoka, na pale magofuni pana nafasi pana ya kupotea kidogo kabla wenzako hawajamaliza kupiga picha.

Mwaka fulani sikusema. Tulikuwa watu saba ndani ya mashua, wawili wakiwa wakwe wa dada yangu, na ilipofika saa saba mchana nilikuwa nimebanwa hadi jasho la baridi linanitoka katika jua la utosini. Tumbo la chini lilikuwa gumu, na kila wimbi lilipoupiga ubavu wa mashua nilikuwa nauma meno. Nahodha, mzee wa Matondoni mwenye maneno machache, aliniangalia mara mbili, kisha bila kuniuliza kitu akawaambia wenzangu kwamba anataka kutazama kamba ya nanga, akaiegesha mashua kwenye kichanga mbele ya mikoko. Aliposhuka alinigusa bega: "Njoo unisaidie." Nilipofika naye nyuma ya miti alinionyesha njia ya maji kati ya mizizi na kusema, "Nenda huko mbele, mimi nitakaa hapa, hapiti mtu." Kisha akageuka akaanza kuimba taratibu, si wimbo wa kunifunika mimi, labda ndiyo tabia yake. Nilisimama hadi magotini katika tope la uvuguvugu, kaa wadogo wekundu wakitoka mashimoni na kurudi, nikatoa pumzi robo tatu, nikaishikilia. Ilichukua pumzi ya nne. Tangu siku hiyo humwambia nahodha yeyote kabla hatujapatana bei.

Wanawake wana kazi zaidi hapa, kwa sababu ya mavazi na kwa sababu hawawezi kusingizia kamba ya nanga. Mwanamke mwenye haya ya kibofu afuatane na mwanamke mmoja anayejua habari yake, amwombe asimame mbali na kulinda njia, na achague safari yenye kituo cha chakula mahali penye nyumba, kama Shela au Kipungani, badala ya kichanga kitupu.

Kuna jambo moja la dawa ambalo wasafiri wengi hawaambiwi. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha baharini, vidonge vya mafua na dawa za mzio zinazoleta usingizi, vingi vyake hufanya kibofu kiwe kizito kusinyaa au hukaza shingo yake zaidi. Mtu mwingine hatahisi tofauti, sisi tutaihisi. Mwulize mwenye duka la dawa waziwazi kama kidonge anachokupa huzuia mkojo. Wakati wa upepo wa Kusi, bahari inapochafuka na watu wengi hutapika, mimi huona afadhali kutembea kwa miguu hadi Shela, kama kilomita tatu kwa njia ya ufukoni, kuliko kumeza kidonge na kupanda mashua.

Msikitini na matembezini

Misikiti ya Lamu ni mingi, na vyoo vyake ni msaada kwa anayekwenda kuswali, maana kwa kawaida vina milango na maji. Ugumu ni dakika zile za kabla ya sala, watu wanapofuatana na mwingine anaguna nje. Fika dakika 20 kabla ya adhana, au ngojea safu ziingie kisha uende. Usione vibaya kukosa rakaa za mwanzo; mafundisho ya dini yenyewe yanachukia mtu kuswali huku anajizuia haja, na anayekuona umebaki nyuma hana cha kukulaumu. Ushauri huu nilipewa na mwalimu wangu wa madrasa nilipokuwa mtu mzima tayari, na uliniondolea mzigo ambao nilikuwa nimeubeba tangu utotoni.

Makumbusho, ngome ya mji na mikahawa ya ufukoni vitumie kama vituo, ukivijua saa zake za utulivu, ambazo kwa kawaida ni asubuhi mapema na mchana wa jua kali. Madafu yanywe, ni maji safi na mwili unayahitaji, ila yanywe ukiwa na hakika ya choo ndani ya saa moja.

Mkojo ukikataa kabisa

Kama zimepita saa nane au zaidi, kibofu kimejaa na kinauma, tumbo chini ya kitovu limekuwa gumu, na umejaribu mahali pa faragha bila mafanikio, acha kujaribu na uende hospitali. Lamu mjini ipo Hospitali ya King Fahd, na kwa mhudumu wa afya hili ni jambo la kawaida: ataingiza mpira wa mkojo, na nafuu huja ndani ya dakika chache. Sema wazi umekaa saa ngapi na umetumia dawa gani. Usinywe maji zaidi ukidhani yatasukuma, na usinywe dawa ya kuongeza mkojo ya mtu mwingine.

Baadhi ya watu wenye hali kali hufundishwa na muuguzi kujiwekea wenyewe mpira mwembamba wa kutumia mara moja, na hubeba michache mkobani. Wanaoufahamu husema kwamba kule kujua tu kwamba upo mkobani hulegeza kibofu, wakarudi nao nyumbani bila kuufungua. Ikiwa daktari wako anakubali, jifunze miezi miwili kabla, si gatini Mokowe.

Siku ya kurudi mabasi mengi huondoka Mokowe asubuhi, na boti za kuvuka hujaa watu mapema. Amka saa tisa na nusu usiku. Nyumba inakuwa imelala, birika limejaa, hakuna anayegonga. Kojoa, kunywa kikombe kimoja cha maji, funga mzigo, kisha rudi chooni tena kabla ya kutoka, hata kama huhisi kitu.